Je, Simu Yako Inashika 4G? Hakikisha Kabla ya Kununua

Mteja akituambia programu yetu inazunguka tu bila kufunguka, swali letu la kwanza huwa hili: simu yako inashika 4G?

Tuanze na habari njema. Ukituma pesa kwa kubonyeza nyota na reli, huhitaji 4G wala bando. Huduma hiyo hupita hata kwenye 2G, ndiyo maana kabambe ya nyanya kule kijijini inalipa bila shida. Programu ndiyo inayohitaji intaneti, na 4G huifanya ifunguke haraka. Hapa Kenya 4G ilianza mwaka 2014, lakini si kila simu inayouzwa inaishika.

Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, simu yenyewe. Fungua mipangilio, nenda kwenye mtandao wa simu, kisha aina ya mtandao. Ukiona 4G au LTE, uko sawa. Ukiona 2G na 3G peke yake, hakuna laini wala bando litakaloibadilisha. Kama ina laini mbili, kumbuka kwamba baadhi ya simu za zamani hushika 4G kwenye upande mmoja tu.

Ukinunua simu iliyotumika ng'ambo, chunga zaidi. 4G ya hapa hutumia masafa kama 800 na 1800 MHz, yaani bendi 20 na bendi 3. Simu iliyotengenezewa soko la Marekani inaweza kuandikwa 4G na bado ikose bendi hizo. Muulize muuzaji akuonyeshe orodha ya bendi, na uijaribu kwa laini yako kabla ya kulipa.

Pili, laini. Kadi ya miaka mingi huenda ni ya enzi za 3G. Utabadilishiwa kwenye duka la mtandao wako: nenda mwenyewe na kitambulisho. Nambari haibadiliki, na pesa zako hazipotei kwa sababu hazikai kwenye kadi. Majina uliyohifadhi kwenye kadi ndiyo hupotea, kwa hivyo yahamishie kwenye simu kwanza.

Tatu, mahali ulipo. Simu na laini zikiwa sawa lakini hapo ulipo hakuna 4G, simu itarudi 3G au 2G. Hapo tumia nyota na reli, usingoje.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo watu hulia. Matapeli wanajua wengi wanataka 4G na 5G. Anakupigia: "Laini yako itafungwa, tunakupandisha 4G, nipe PIN na hiyo nambari iliyoingia kwa ujumbe." Usimpe. Kubadilisha mtandao hakuhitaji PIN ya pesa hata siku moja, na sisi hatutakuuliza PIN yako kwa simu. Akizipata, anaweza kuhamisha nambari yako hadi kwenye kadi yake na kukausha akaunti.

Simu yako ikikosa mtandao ghafla wakati majirani wanao, azima simu nyingine upigie mtandao wako na sisi pia, hapo hapo. Usisubiri kesho.