Somo la wiki: Boti, ndege na saa ya Kiswahili



Likizo inakaribia, na baadhi yenu mtakwenda Unguja kuwaona bibi na babu. Wakati wa kurudi London, wengi huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha hupanda ndege katika Uwanja wa Julius Nyerere. Leo tutajifunza kupanga safari hiyo kwa Kiswahili, ili ndege isituache.

1. Saa kumi ipi?

Tiketi imeandikwa 10:00. Ukimpigia bibi simu ukamwambia, "Ndege yetu ni saa kumi," yeye ataelewa saa kumi jioni, yaani 16:00. Atapika chakula cha mchana cha kuwaaga, na wakati mnakula ndege itakuwa imekwenda zake.

Karibu na ikweta jua huchomoza mnamo 6:00 karibu mwaka mzima, kwa hiyo Waswahili huhesabu saa kuanzia hapo. 7:00 ni saa moja asubuhi. 10:00 ni saa nne asubuhi. Hapa London hesabu hiyo ingetusumbua: mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya 5:00, na Desemba hukaribia au kupita 8:00.

Usiku una mtego wake. Tiketi ya "Jumapili 00:40" ni saa sita na dakika arobaini usiku. Mnatakiwa kuwa uwanjani Jumamosi usiku. Tena wazee wengi wa pwani huhesabu siku mpya kuanzia magharibi, jua linapotua, kwa hiyo wanaposema "usiku wa Jumapili" huenda wanamaanisha usiku unaotangulia Jumapili. Ili msipishane, sema: "Jumamosi usiku, kuamkia Jumapili."

2. Tuhesabu kurudi nyuma

Tuseme ndege inaondoka 16:50, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni.

- Kufika uwanjani saa tatu kabla: saa saba na dakika hamsini mchana.
- Foleni ya magari kutoka bandarini, saa moja na nusu: tuondoke bandarini saa sita na dakika ishirini.
- Kushuka na kuchukua mizigo, tuweke saa nzima: boti ifike saa tano na dakika ishirini asubuhi.
- Boti ya kasi huchukua kama saa mbili: iondoke Unguja saa tatu na dakika ishirini.

Kama kuna boti ya saa moja asubuhi na nyingine ya saa tatu na nusu, ya pili imekwisha chelewa kwa dakika kumi hata kabla haijang'oa nanga. Tupande ya saa moja.

Na bahari nayo ina yake. Julai na Agosti ni majira ya kusi. Upepo ukikaza, boti huweza kuchelewa au kuahirishwa. Ukinunua tiketi ya boti na ya ndege mbalimbali, ndege haikungojei. Hata watalii wanaoshuka melini Southampton asubuhi wana hesabu hiyohiyo, maana Heathrow iko mbali kama kilomita 100. Ndege ikiwa ya asubuhi, ni salama zaidi kuvuka siku moja kabla na kulala Dar.

Wazazi, uamuzi huo una gharama: usiku mmoja wa mwisho na bibi unapotea. Basi mwambieni mapema, aijue siku ya kuagana. Kuagana kwa utulivu siku moja kabla ni bora kuliko kuagana mkikimbilia teksi.

3. Sarufi: kabla na baada

*Kabla ya* hufuatwa na kitenzi chenye ku-: kabla ya kupanda boti. *Kabla* peke yake huweza kufuatwa na -ja- ya kukanusha: kabla boti haijaondoka, kabla hatujafika. *Baada ya* huchukua ku-: baada ya kushuka.

Msamiati: gati, nanga, mizigo, abiria, kuvuka, kuahirisha, kuaga, kuagana.

Zoezi la nyumbani

1. Taja kwa Kiswahili: 17:20; Jumanne 03:15.
2. Ndege ni 15:15. Kwa hesabu yetu ya juu, boti ya saa moja asubuhi inafaa?
3. Jaza: Kabla sisi ______ (kufika) uwanjani, tumpigie bibi.
4. Mwandikie bibi ujumbe wa sentensi tatu. Taja siku, saa, na kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Majibu: (1) Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, saa tisa na robo usiku, Jumatatu kuamkia Jumanne. (2) Ndiyo, inabaki akiba ya dakika 45. (3) hatujafika.

Tahadhari kabla ya hatari. Safari njema!