Mfalme Aliyejificha Jukwaani

Wapo kati yetu wanaoziona sinema za vyombo vya angani kuwa ni mchezo wa watoto: taa zinawaka na kuzimika, na bunduki zinatoa mwali badala ya risasi. Hatuwalaumu. Lakini katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba watungaji wa hadithi hizo, wanapotaka kusema jambo zito, mara nyingi huenda kuazima kwenye tanzia, yaani ile michezo ya jukwaani ya zamani ambamo mtu mkubwa huangushwa na tendo lake mwenyewe.

Tuchukue Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza kuanzia 1966 hadi 1969. (Ndio ule wenye afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru.) Vipindi vyake kadhaa vimepewa majina yaliyotoka katika maneno ya Shakespeare. Kuazima jina peke yake si kazi kubwa. Katika sinema ya sita ya Star Trek, ya mwaka 1991, yumo Jenerali Chang, adui mwenye jicho moja, anayerusha maneno ya Hamlet na Julius Caesar kama mtu arushaye mawe. Na mkubwa wake anadai kwamba Shakespeare husomwa vizuri zaidi kwa lugha yao, Kiklingoni. Tulicheka, maana hata sisi, tangu tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilipochapishwa mwaka 1963, tumezoea kumhesabu Shakespeare kuwa mtu wa nyumbani. Lakini Chang ananukuu tu. Maneno yenyewe hayamgusi.

Kipindi kinachostahili somo ni kile kilichoonyeshwa tarehe 8 Desemba 1966, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Dhamiri ya Mfalme. Jina hilo limetoka katika Hamlet. Mfalme wa Denmark ameuawa na ndugu yake kwa sumu, na mzimu wake umemtokea mwanawe Hamlet kumweleza. Hamlet anataka kuhakikisha. Wanapofika waigizaji wasafirio, anawaagiza waigize mauaji yanayofanana na yale, naye anautazama uso wa mfalme mpya. Mfalme anasimama ghafula na kutaka taa. Nathani alimfanyia Daudi vivyo hivyo kwa hadithi ya mwana-kondoo, ila Daudi alitubu.

Sasa tutazame jinsi televisheni ilivyougeuza mchezo huo. Katika sayari ya mbali walikaa watu 8,000, na kuvu ikaharibu karibu chakula chote. Gavana Kodos alijitwalia madaraka yote, akawachagua watu kwa vipimo vyake mwenyewe, akaamuru 4,000 wauawe ili waliobaki wapate kula. Halafu meli za chakula zikafika mapema kuliko ilivyotazamiwa. Maiti iliyoungua ilipatikana, ikadhaniwa kuwa ni ya Kodos.

Miaka ishirini baadaye, Kapteni Kirk, mmoja wa watu tisa waliowahi kuuona uso wa Kodos, anadokezwa kwamba gavana huyo yu hai, naye ndiye Karidian, kiongozi wa kundi la waigizaji wanaocheza Macbeth na Hamlet kutoka sayari hata sayari. Kwa Shakespeare mwenye hatia huketi kati ya watazamaji. Hapa yuko jukwaani, amejificha ndani ya mavazi ya wafalme waliouawa.

Kirk hana hakika. Daktari wake anamwuliza swali gumu: akithibitisha, atafanya nini, na je, wafu watarudi? Tunakiri kwamba hatukupata jibu jepesi. Karidian naye, asemapo juu ya Kodos, ana hoja yake: meli zisingaliwahi, huenda Kodos angaliitwa shujaa. Ni hoja ya kutisha kwa sababu si ya kipumbavu. Watawala wengi wamepiga hesabu ya namna hiyo, na kila mara waliotolewa katika hesabu hawakuulizwa.

Kisha kundi linaigiza Hamlet ndani ya chombo cha Kirk. Karidian amepewa nafasi ya mzimu wa baba aliyeuawa. Anaponena, kijana Riley, ambaye wazazi wake waliuawa kwa amri ya Kodos, anaitambua sauti ile. Anachukua silaha na kwenda nyuma ya pazia kulipiza kisasi. Angalieni: mwuaji wa baba anasema kwa kinywa cha baba, na mwana anasikia. Kirk anamzuia.

Hapo nyuma ya pazia binti ya Karidian, Lenore, anamfunulia babaye kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuwaua mashahidi saba ili kumlinda. Mzee anavunjika. Alidhani mtoto huyu ndiye kitu pekee katika maisha yake ambacho damu ile haikukifikia. Lenore anamlenga Kirk. Babaye anaingia katikati, naye anakufa jukwaani, mbele ya watazamaji.

Daktari anaeleza baadaye kwamba binti hakumbuki lolote. Anaamini baba yake yu hai, na kwamba bado anaigiza mbele ya watu wanaomshangilia.