Ukimaliza PhD ya Mazingira, Mtafute Mwenye Kalamu

Uzamivu wangu ulihusu misitu ya vijiji wilayani Kilwa, na sasa nafundisha sera ya mazingira chuo kikuu. Waliomaliza tasnifu huniuliza waanzie wapi. Nawaambia wamtafute kwanza mwenye kalamu, maana kila jambo la mazingira lina kikao kinacholiamua, na utafiti usiofika pale hausaidii msitu wowote.

Chukua mkaa wa misitu ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Lakini faini za kijiji zinategemea sheria ndogo, nayo ina safari ndefu. Halmashauri ya kijiji huiandaa, mkutano mkuu huijadili, kisha hupelekwa wilayani madiwani waiidhinishe. Ikikwama huko, kamati ya maliasili inafanya doria mikono mitupu. Basi nenda wilayani uulize faili liko mezani kwa nani. Ukirudi kijijini, omba kuona kitabu cha stakabadhi, ukilinganishe na daftari la doria, mstari kwa mstari: tarehe, magunia yaliyokamatwa, faini iliyolipwa. Penye aliyekamatwa asiye na stakabadhi, hapo pana swali bora la utafiti kuliko yote utakayoyapata maktaba.

Ukishapata majibu, andika kurasa mbili. Diwani anataka kujua tatizo, gharama yake na hatua unayopendekeza. Sura ya nadharia waachie watahini. Na uwahi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo ushauri unaofika Juni hukuta makadirio yameshafungwa.

Kuhusu kazi ya uhadhiri, soma tangazo vizuri, kwani vyuo vingi huangalia hata GPA ya shahada ya kwanza. Ukishaingia darasani, wape wanafunzi sheria ndogo moja waifuatilie muhula mzima. Mimi huwachanganya wa sheria na wa misitu katika kundi moja, kwa sababu hawa wanaona vifungu na wale wanaona miti, na ubishi wao hufundisha kuliko mhadhara wangu.

Matokeo yako yasome kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kukaa walau kila miezi mitatu, hivyo mwone mtendaji mapema akuingize kwenye ajenda.