Dawa ya magugu na debe la bati



Katika toleo hili tunajifunza juu ya glaifosati, dawa ya magugu ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Roundup. Huku Rusumo maharage na migomba hukaa shamba moja, na dawa hii haichagui. Upepo ukiipeleka kwenye maharage au machipukizi ya migomba, navyo hukauka pamoja na sangari.

Kwa asili glaifosati ni asidi isiyoyeyuka vizuri: lita moja ya maji huyeyusha gramu 10 hivi tu. Ndiyo maana viwandani huunganishwa na isopropilamini, kitu cha jamii ya amonia, ikawa chumvi inayoyeyuka kwa urahisi. Chupa nyingi huandikwa gramu 480 za chumvi kwa lita, nyingine gramu 360 za asidi. Ni nguvu ileile, kwa hiyo tusilipe zaidi kwa ajili ya namba kubwa. Pia maji yawe safi, kwani tope huinasa dawa na kuiondolea nguvu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: chumvi hii isichanganywe wala kuhifadhiwa kwenye debe au ndoo ya bati. Hula bati na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche ya kiberiti yaweza kuilipua. Ndoo ya plastiki inafaa.

Chumvi yenyewe si sumu kali ya papo hapo. Hatari kubwa imo kwenye ile sabuni inayochanganywa nayo ili dawa ishike jani. Huwasha macho, na mtu akimeza nyingi anaweza kufa. Huua samaki na vyura pia, hivyo bomba lisioshwe mtoni Kagera wala Ruvubu.

Kuhusu saratani, mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea huisababisha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikukubali. Sisi tunasema buti na glavu zisisubiri wakubaliane.

Kikundi kikinunua dumu la lita 20, tunaomba kamati isiruhusu kugawana kwa chupa za soda. Mtoto hujua chupa ya soda ni ya kunywa. Aliyemeza asitapishwe, awahishwe kituo cha afya, na lebo ya dumu ipelekwe pamoja naye.