Sikukuu Inapoangukia Siku ya Kazi

SOMO LA FAMILIA

Masomo ya kusoma: Kutoka 12:3–4 na 24–27, Hesabu 9:6–13, Luka 2:41–42

Lengo la somo: Kutusaidia sisi wazazi, walezi na wote tunaoishi mbali na kwetu kuzishika sikukuu zetu nyumbani hapa Doha, na kuwaeleza watoto maana yake.



Krismasi ya mwaka jana iliangukia Alhamisi. Baba mmoja wa ushirika wetu alirudi kazini saa mbili usiku, akapiga simu ya video nyumbani Rombo. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika kwa bibi, mbuzi ameshaliwa, watoto wanakimbizana uani. Bibi akaomba kuongea na mjukuu wake wa miaka saba, aliyezaliwa hapa Doha. Akamuuliza, "Mjukuu wangu, leo ni siku gani?" Mtoto akajibu bila kusita, "Ni siku ya kutuma hela ya mbuzi."

Tulicheka sote tuliposimuliwa. Yule baba alicheka pia, lakini alituambia kwamba usiku ule hakupata usingizi. Mtoto hakudanganya, alisema alichokiona. Kila Desemba aliwaona wazazi wake wakihesabu fedha, wakituma, wakipiga simu kuuliza kama zimefika. Hakuwahi kuketishwa akaambiwa kwa nini.

Tukijipima kwa haki, wengi wetu tumo ndani ya habari hii.

1. Kwa nini hapa ni vigumu zaidi

Kule kwetu, sikukuu ilitubeba yenyewe. Desemba ikifika, mabasi ya Moshi, ya Kakamega, ya Mbarara yanajaa watu na mizigo. Mtoto ananunuliwa nguo mpya. Kwaya inafanya mazoezi hadi usiku. Chapati zinapikwa kwa wingi hadi majirani wanatumiwa. Hata mzazi asiposema neno, kijiji kizima kinamfundisha mtoto.

Hapa, 25 Desemba si sikukuu ya serikali. Mwaka 2023 ilikuwa Jumatatu, mwaka 2024 Jumatano, na wengi wetu tulikwenda kazini kama siku nyingine. Hata Jumapili, siku ambayo jarida hili hutoka, ni siku ya kwanza ya kazi, ndiyo maana wengi tunaabudu Ijumaa. Hatusemi haya kwa kulalamika. Nchi hii ina dini yake na kalenda yake, nasi ni wageni tuliokaribishwa. Ardhi ya makanisa kule Mesaimeer ilitolewa na Amiri wa wakati ule, Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, na kanisa katoliki la Mama Yetu wa Rozari likatabarukiwa hapo Machi 2008. Kabla ya hapo, Wakristo wa Doha walizoea kusali majumbani mwao. Imani ililelewa sebuleni, kwenye mikeka na viti vya kuazima. Basi nyumba ilishawahi kufanya kazi hii katika mji huu, na inaweza kuifanya tena.

2. Mtoto akiuliza, ajibiwe

Tusome Kutoka 12:24–27. Pasaka ya kwanza haikufanyika hekaluni. Ilifanyika ndani ya nyumba, watu wakila wamesimama, fimbo mkononi. Na Mungu alitangulia kuwaambia kwamba siku moja watoto wao watauliza maana ya ibada ile, nao wazazi wawajibu kwa kuwasimulia jinsi Bwana alivyoziokoa nyumba zao. (Hatulinganishi nchi hii na Misri. Tunalinganisha meza na meza.)

Tuone mpangilio wake: kwanza mtoto anaona jambo lisilo la kawaida, kisha anauliza, ndipo mzazi anasimulia. Kama hakuna anachokiona, hataweza kuuliza. Na akiuliza tukamwambia, "Nyamaza, nimechoka," somo limekufa pale pale.

Wachagga wana mfano mzuri wa jambo hili. Mtu aliyekosana na ndugu yake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa hatakiwi kukataa. Mtoto wa mjini akienda Kilimanjaro, akaona mtu mzima amebeba jani moja kwa adabu, lazima atauliza. Na jibu litamkaa maisha yote, kwa sababu alilitafuta mwenyewe. Familia nyingi zimepatanishwa kwa jani hilo kabla ya nyama ya sikukuu kuliwa. Je, mtoto wetu aliyeko Doha anajua kwamba kabla ya kula Krismasi tunasameheana? Au anajua pilau tu?

Majirani zetu pia wanatufundisha. Katikati ya Ramadhani, usiku wa Garangao, watoto wa hapa huvaa nguo za kimila, wakabeba mifuko, wakaimba na kupewa njugu na peremende. Wimbo wameujua kwa sababu wakubwa waliuimba mbele yao. Watoto wetu wakirudi wakatuuliza, "Na sisi je, tuna nini?", tusikasirike. Tulikuwa tukilisubiri swali hilo.

3. Nyumba ndogo iungane na jirani

Katika Kutoka 12:3–4 kuna agizo ambalo tunalipita haraka. Nyumba ikiwa na watu wachache wasioweza kummaliza mwana-kondoo, iungane na nyumba ya jirani. Mungu alijua kwamba si kila nyumba imejaa.

Ushirika wetu umejaa "nyumba" za mtu mmoja. Wapo ndugu walinzi na madereva wanaolala kambini, watu sita chumba kimoja, mke na watoto wako Kisumu au Bukavu. Wapo dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, wanaolea watoto wa wengine siku ya Krismasi huku wa kwao wakilelewa na bibi. Dada mmoja alituambia kwamba mwaka jana aliimba wimbo wa Krismasi jikoni, kimoyomoyo, akiosha vyombo. Hakuwa analalamika. Alitaka tu tujue kwamba naye aliisherehekea.

Sisi wenye nyumba na familia hapa, tusisubiri waombe. Tukipanga meza, tuhesabu na hao. Na anayekuja asione haya kuja mikono mitupu. Mtoto akiona sahani imeongezwa kwa ajili ya mjomba asiye wa damu, atakuwa amefundishwa Krismasi kuliko kwa hotuba.

4. Aliye kazini amepewa siku yake

Hesabu 9:6–13 inasimulia habari ya watu waliokuja kwa Musa wakiwa na huzuni. Siku ya Pasaka ilikuwa imefika, nao hawakuweza kuishika kwa sababu walikuwa wamegusa maiti. Musa hakuwajibu kwa akili yake, alimwuliza Bwana. Jibu likawa hili: aliye najisi kwa ajili ya maiti, na hata aliye katika safari ya mbali, ataishika Pasaka mwezi wa pili, siku ya 14, kwa taratibu zile zile.

Wapendwa, sisi ndio tulio katika safari ya mbali. Kama zamu yako ya hospitali, ya hoteli au ya getini imeangukia tarehe 25, hujaikosa Krismasi. Chagueni siku nyingine, mwiite Krismasi yenu, mwishike kwa heshima yote. Isiwe mabaki.

Lakini tusome hadi mstari wa 13. Mtu asiye safarini wala najisi, akaacha tu kwa uzembe, alihesabiwa kuwa na hatia. Rehema hii imewekwa kwa ajili ya aliyezuiwa. Aliyepuuza asijifiche ndani yake. Mwaka huu 25 Desemba itakuwa Ijumaa, na wengi tutakuwa mapumzikoni. Tukiitumia kulala na kutembea madukani tu, hatutaweza kuisingizia kazi.

5. Tuanzie wapi?

Tuanze na machache tunayoweza kuyarudia kila mwaka. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka, na Yesu alipofika miaka 12 walikwenda kama ilivyokuwa desturi yao (Luka 2:41–42). Desturi hujengwa kwa kurudia.

Kwanza, tarehe 18 Desemba ni Siku ya Taifa la Qatar, na wengi huwa na mapumziko. Baada ya kuonyesha watoto mapambo ya Corniche, familia ikae pamoja jioni na kupanga Krismasi: nani atapika, nani ataalikwa, nani tumemkosea.

Pili, kabla ya chakula, baba au mama asome Luka 2:1–20, na mtoto mdogo kuliko wote aulize, "Kwa nini tunakula hivi leo?" Mkubwa ajibu kwa maneno yake, pamoja na habari ya jinsi Mungu alivyoitunza familia mwaka huu. Mlio wawili, au uliye peke yako na simu, fanyeni vivyo hivyo.

Tatu, bibi na babu wapewe zamu ya kusimulia. Saa ya Doha ni sawa na ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na Bukavu wako nyuma kwa saa moja tu. Hatuna kisingizio cha usiku na mchana. Tukishatuma fedha, tusikate simu. Tumwombe bibi amweleze mjukuu jinsi walivyosherehekea alipokuwa mtoto.

Yule baba wa Rombo alifanya hivyo Pasaka iliyopita. Bibi alisimulia hadi salio likaisha, na mtoto akadai apigiwe tena, kwa sababu habari ilikuwa haijafika mwisho.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mtoto wetu akiulizwa leo Krismasi ni nini, atajibu nini? Muulizeni, mumsikilize bila kumsahihisha kwanza.
2. Ni desturi gani ya wazazi wetu tuliyoiacha tulipopanda ndege, ambayo ingefaa kurudi? Ipi ilifaa kuachwa?
3. Ni nani katika ushirika huu atakula peke yake sikukuu ijayo?
4. Ni nani tunayepaswa kupatana naye kabla ya kuketi mezani?

Sala

Ee Bwana, uliyezaliwa safarini, mbali na nyumba ya mama yako, utukumbuke sisi tulio mbali na kwetu. Uwabariki wenyeji wetu na nchi hii. Uwalinde watoto tuliowaacha na wale tulio nao. Utupe maneno watakapotuuliza. Amina.