Chukua Zamu Hiyo, Mdogo Wangu

Leo namjibu mdogo wetu, muuguzi aliyekulia Mombasa na sasa yuko Vancouver, Kanada. Ameitwa kazini Insite, mahali ambapo mateja huingia na unga wao na kujidunga mbele ya wauguzi. Mama yake amemwambia kwa simu kwamba huko ni kushiriki dhambi. Naye anauliza: "Dada, mimi niliapa kutodhuru. Nitawezaje kusimama nimtazame mtu akijidunga?"

Mdogo wangu, usimjibu mama kwa ukali. Mombasa ni mitaa mingapi ambayo haijazika kijana wake kwa sababu ya unga? Hofu yake ina chanzo. Ila mweleze kazi yenyewe, maana sidhani anaijua. Wewe humdungi mtu wala humpi unga. Unampa sindano safi, kisha unaangalia anavyopumua. Akizidiwa, midomo ikigeuka buluu, unampa oksijeni na kumchoma naloksoni. Halafu hubanduki, kwa sababu naloksoni huweza kuisha nguvu unga ukiwa bado mwilini, pumzi zikakata tena. Insite ilifunguliwa 2003. Hadi Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua mwaka 2011, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba isifungwe, wengi walikuwa wamezidiwa humo ndani na hakuna hata mmoja aliyefariki.

Mwaka 2008 waziri wa afya wa huko, Tony Clement, aliwauliza madaktari waliokutana Montreal kama ni uadilifu kwa mtabibu kuunga mkono watu kujidunga kitu ambacho hakijulikani ni nini wala kina nguvu kiasi gani. Silidharau swali hilo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako methadoni inatolewa tangu 2011, muuguzi anajua kipimo cha kila mgonjwa anayemnywesha. Insite hutajua. Siku hizi unga wa huko umejaa fentanili, ambayo nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini. Lakini mimi naona waziri alishika jambo la kweli akalielekeza kusiko. Kwa kuwa teja hajui anachojidunga, ndiyo maana anahitaji mtu wa kumwangalia. Ukimfukuza hapo hataacha. Atajifungia chooni peke yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi litanifanya nikulaumu. Ni ukizoea. Ukifika mahali pa kuhesabu pumzi tu, usiulize amelala wapi, kidonda cha mkono kinaendeleaje, amekula nini. Ghorofa ya juu ya jengo hilo kuna Onsite, huduma ya kumsaidia mtu apite arosto. Usimhubirie, wala usiache kumtajia. Anayetaka kuacha humwambia yule anayemjua kwa jina, na siku hiyo lazima uwepo.

Moyo wako ukikataa hata baada ya kuiona kazi, ondoka bila kuona haya. Wodi za hospitali zinakuhitaji pia. Ila usiondoke kwa kuogopa maneno ya watu wa nyumbani.

Kabla hujasaini mkataba, waulize: nikipatwa na zamu mbaya, nani atakaa na mimi kuzungumza? Usiku tutakuwa wauguzi wangapi? Naweza kupumzishwa siku ngapi? Wakikosa majibu ya hayo, wape muda wayatafute kwanza.