Umbo la Tatu la Vitenzi vya Kiingereza na Utata Wake katika Tafsiri

Kila anayejifunza Kiingereza hukumbana mapema na orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni: "break, broke, broken", "steal, stole, stolen", "fall, fell, fallen". Vitenzi vya kawaida huongezwa "-ed" katika wakati uliopita na pia katika umbo la tatu. Vitenzi hivi vingine aghalabu hubadilisha irabu ya mzizi, na baadhi huongezwa "-en". Vingine, kama "cut", havibadiliki kamwe. Wengi huyakariri maumbo hayo na kudhani kuwa kazi imekwisha. Kwa mfasiri, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Umbo la tatu hutumika baada ya "have" kuunda hali timilifu, na baada ya "be" kuunda kauli ya kutendwa. Zaidi ya hayo, huweza kuivumisha nomino. Tuchukue mifano mitatu: "a fallen tree", "stolen money" na "a broken window". Katika Kiingereza, muundo ni mmoja. Katika Kiswahili, mifano hiyo huwa:

(a) mti ulioanguka
(b) pesa zilizoibwa
(c) dirisha lililovunjika

Inadhihirika kwamba Kiswahili hutumia kirejeshi katika mifano yote, ila kauli ya kitenzi hutofautiana. Mti umeanguka wenyewe, kwa hivyo kauli ni ya kutenda. Pesa haziibiwi bila mwizi, kwa hivyo kauli ni ya kutendwa. Katika mfano wa tatu, kauli ya kutendeka hueleza hali ya dirisha bila kumdokeza mtenda yeyote.

Tofauti hii si ya kupuuzwa. Chukulia askari anayetoa ushahidi mahakamani kwa Kiingereza, akisema: "The window was broken." Sentensi hiyo ina maana mbili. Huenda askari alilikuta dirisha likiwa katika hali hiyo. Tafsiri ifaayo ni "dirisha lilikuwa limevunjika". Huenda pia anasimulia kitendo cha mtu; hapo itafaa "dirisha lilivunjwa". Mkalimani akichagua "lilivunjwa" pasipo sababu, amemwingiza mhalifu ambaye shahidi hakumtaja. Mshtakiwa anayesikiliza kwa Kiswahili atajibu tuhuma ambayo haikutolewa.

Muktadha ndio mwamuzi. Mtenda akitajwa kwa "by", kauli ya kutendwa haina budi kutumika: "lilivunjwa na kijana". Neno "already" likitangulia umbo la tatu, aghalabu hali ndiyo inayokusudiwa. Ishara hizo zikikosekana, mkalimani aombe ufafanuzi kabla ya kufasiri.

Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili asiridhike na kulijua umbo "broken" pekee. Sharti ajiulize kila mara: je, kimevunjika au kimevunjwa? Kiingereza huweza kulinyamazia swali hilo. Kiswahili hudai jibu.